Nukta za Mama Kucha

Dada yangu alipaka watu rangi za kucha kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akitaja habari za magari. Hakuwa na gari. Kuendesha hajui mpaka leo. Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa na viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na meza ndogo ya dirishani ambayo ilikuwa yake peke yake. Hapo ndipo alipokaa, miwani puani, brashi mkononi, akichora mistari myembamba kuliko uzi juu ya kucha za wanawake waliomweleza mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua.

Siku moja mteja wake wa zamani, mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha mimi, aliingia pale amefura kwa hasira. Jiwe lilikuwa limeruka kutoka kwenye tairi la lori likampiga kwenye boneti, rangi ikabanduka mahali pamoja na bati likachungulia. Alikuwa ametoka gereji ya mwisho wa barabara, na fundi wa pale amemwambia boneti lote likwanguliwe, lipigwe spreyi upya.

"Lote?" Dada akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kidole alichokuwa amekishika.

"Lote. Na milango ya mbele pia, eti rangi zisije zikapishana."

"Hapo palipobanduka pana ukubwa gani?"

Mwalimu mkuu akatazama mikono yake, akaonyesha kucha ya kidole cha mwisho. "Kama hapa. Hata hapafiki."

Dada akaweka brashi chini. "Twende nikapaone."

Alikwenda, akainama, akapagusa kwa ncha ya kidole, akarudi ndani kuchukua chupa tatu za rangi ya kucha. Akachanganya juu ya kipande cha karatasi mpaka akapata bluu iliyozama kama wino, akatia nukta moja. Mwalimu mkuu alizunguka gari mara mbili, akaitafuta nukta asiione. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Baada ya wiki tatu nukta ilikuwa imegeuka manjano, na upande mmoja umenyanyuka kama gamba la samaki. Mwalimu mkuu hakulalamika hata kidogo, alisema yalikuwa mambo ya kusaidiana tu. Lakini mimi namjua dada yangu. Mtu akimwambia kazi yake mbaya, atabishana naye hadi koo limkauke. Asipomwambia neno, hapo ndipo anapoumia. Alirudi nyumbani siku ile, akavua viatu mlangoni, akakaa jikoni akitazama mikono yake.

"Rangi ya kucha ni ya kucha," akasema mwishowe. "Gari lina rangi yake. Mimi nilijidai tu."

Kesho yake alikwenda kwenye duka la rangi za magari. Muuzaji alidhani ametumwa na mume. Dada akamwambia hana mume na hajatumwa na mtu, anataka kuelezwa. Akauliza mpaka yule muuzaji akavuta kiti akakaa. Akaelezwa kwamba kila gari lina namba ya rangi yake, imeandikwa kwenye kibati kidogo, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na kwamba namba hiyo ni ya gari jipya, maana jua likishakula rangi miaka minane, namba peke yake haikufikishi, lazima jicho limalizie. Akaelezwa habari za praima inayoshika bati, rangi yenyewe, kisha vanishi juu yake.

Jumamosi ile akanunua mlango wa gari bovu kwa wauza vyuma chakavu, akaubeba na mpagazi, akauegemeza ukutani sebuleni, kati ya kabati la vyombo na kochi la mama.

Mama alitoka chumbani na khanga yake kiunoni, akasimama. "Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika mume," akasema. "Lakini mlango wa gari sebuleni, huu sijawahi kuuona. Mgeni akija nimwambie nini?"

"Mwambie apige hodi, mama," Dada akajibu.

Mlango ule ulikaa nasi miezi mitano. Dada aliuchoma kwa ncha ya bisibisi makusudi, kisha akauuguza. Alisafisha kwa spirti, akasugua kingo za kidonda kwa kipande cha msasa laini alichokigundisha kwenye ncha ya penseli, akatia praima kwa kijiti cha kuchokolea meno, akangoja. Akatia rangi kidogo sana, akangoja. Akatia tena. Kungoja ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Watu wengi wanajaza shimo kwa mkupuo mmoja, rangi inakauka juu na kubaki mbichi chini, halafu inasinyaa. Yeye alipitisha tabaka tano, sita, mpaka nukta ikawa juu kidogo ya rangi inayoizunguka, kisha akaisawazisha kwa msasa wa maji na sabuni, akamalizia kwa polishi na kitambaa laini. Mwisho wa miezi mitano niliambiwa nitafute madoa thelathini na mawili kwenye mlango ule. Nilipata manne, tena matatu kati ya hayo yalikuwa ya mwanzo.

Aliaga saluni mwezi uliofuata. Mwenye saluni alimwambia nafasi yake itamngoja. Dada akasema asante, mpe mwingine.

Palikuwa na mahali pa kuoshea magari karibu na njia panda, chini ya paa refu la mabati. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mpole, hapendi ugomvi kabisa. Watu walimwita Povu. Dada akamwomba kona moja yenye kivuli, kwa hoja kwamba gari likishaoshwa ndipo mwenyewe anaona alama zake, na akishaziona atataka mtu. Povu akaona ni maneno ya maana. Akampa kona, ndoo na kigoda.

Fundi wa gereji ya mwisho wa barabara, yule aliyetaka boneti zima, alikuja wiki ya kwanza kutazama. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono kama koleo, stadi wa kukata na kunyoosha bati kuliko wote mtaani, na alilijua hilo vizuri. Wote tulimwita Fundi Bodi. Alisimama nyuma ya Dada akamwangalia anavyotia nukta kwenye bampa la teksi.

"Jamani, njooni muone," akawaita waosha magari. "Mama Kucha anapaka gari kucha!"

Kicheko kikalipuka. Mtu akauliza kama gari litahitaji na hina. Dada alimaliza nukta yake, akafunga chupa, akageuka.

"Umesema Mama nani?"

"Mama Kucha," akarudia, na tabasamu lake lote.

"Nilikuwa natafuta jina la biashara," Dada akasema. "Umenipunguzia kazi."

Siku iliyofuata jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa sanduku lake la vifaa, kwa herufi zenye mikia, kama zile alizokuwa akichora saluni. Na jina likashika. Watu walikuja wakimuulizia Mama Kucha kutoka mitaa ambayo sisi wenyewe hatukuijua. Walikuja wenye teksi, wenye magari ya harusi, mabibi wenye magari mapya wanaoshtuka kwa mkwaruzo mmoja kama mtoto kaanguka. Kila gari aliliandika kwenye daftari: namba yake, simu ya mwenyewe, tarehe, mahali pa nukta, alichochanganya na hali ya hewa siku hiyo. Nilimuuliza hali ya hewa ni ya nini. Akasema rangi haisahau siku iliyopakwa.

Mambo yalikwenda hivyo miaka miwili na ushee. Kisha akaja Tajiri.

Tajiri alikuwa na yadi ya kuuza magari yaliyotumika. Magari yake yote yalioshwa kwa Povu kabla ya kupangwa barabarani, na siku za yadi kupokea mzigo wa magari Povu alikuwa hana hata pa kukanyaga. Asubuhi hiyo Tajiri alishuka mwenyewe, viatu vyake vyeupe akivikwepesha maji, akampeleka Dada kwenye gari la kijivu.

"Mama Kucha, nimesikia sifa zako. Hapa, chini ya milango. Na hapa juu ya tairi. Vidoa vidogo tu. Nina mengine sita kama hili."

Dada akapiga magoti. Akapitisha vidole. Rangi ilikuwa imevimba vipele vipele. Akakibonyeza kimoja kwa ukucha, kikapasuka na unga wa kutu ukamwagika.

"Hivi si vidoa," akasema. "Haya ni majipu. Kutu imetoka ndani imekuja nje. Kwanza ikwanguliwe mpaka bati lionekane, na palipooza pakatwe."

"Sikukuita ukate. Nimekuita upake."

"Nikipaka juu, itakaa miezi miwili."

"Miezi miwili inanitosha," Tajiri akasema. "Gari litakuwa na mwenyewe kwa wakati huo, na huyo mwenyewe siyo mimi."

Dada akasimama, akapangusa magoti. "Basi tafuta mwingine."

"Unajua mimi ni nani hapa?"

"Nakujua. Ndiyo maana nimekujibu polepole."

Povu, aliyekuwa karibu, alijifanya anatafuta kitu ndani ya ndoo. Tajiri akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyezoea kukataliwa, akasema, "Mwanamke wa kupaka kucha ananifundisha mimi magari," akaondoka. Magari yale saba yalipelekwa gereji ya mwisho wa barabara. Fundi Bodi aliyapaka kwa siku mbili.

Haikupita wiki, maneno yakaanza kuzunguka. Eti nukta za Mama Kucha zinang'oka zikioshwa mara ya pili. Eti bado anatumia rangi ya kucha. Mtu mmoja alisema ameona kwa macho yake, mwingine akasema shemeji yake ndiye aliyeona. Uvumi huwa hauna mwenyewe. Teksi zikapungua. Mabibi wakaanza kupita moja kwa moja. Kuna siku mbili mfululizo Dada alikaa kwenye kigoda chake kuanzia asubuhi mpaka jioni akisafisha brashi zilizokwisha kuwa safi.

Jumatano, Povu akamwita pembeni. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi.

"Dada yangu, mimi sina neno na wewe. Lakini Tajiri amesema nikuondoe, ama ahamishie magari yake pengine. Naomba ikifika Jumapili hii kona iwe wazi."

"Na wewe unaamini nukta zangu zinang'oka?"

"Mimi nitajuaje? Mimi naosha tu."

"Basi ni wewe unayeosha," Dada akasema. "Nani mwingine atajua?"

Nyumbani mama alikuwa ameshasikia. Alimpakulia Dada chakula, akamwekea karibu maji ya kunawa, akaketi mbele yake kama anavyoketi akiwa na jambo.

"Rudi saluni, mwanangu. Nimeongea na mwenyewe. Meza yako bado ipo."

"Umeongea naye bila kuniuliza?"

"Wewe nikuulize nini? Umejiletea adui mwenye yadi nzima kwa ajili ya magari ambayo si yako, ya wanunuzi usiowajua. Ungepaka ukanyamaza, nani angekuona?"

Dada aliacha kula. "Ningejiona mimi, mama. Wamenisema uongo mbele za watu. Nikiondoka Jumapili kimya kimya, uongo unakuwa kweli. Sitoki pale nimeinamisha kichwa. Wakinitoa, wanitoe nikiwa nimesimama."

"Una kichwa kigumu kama marehemu baba yako."

"Ndicho alichoniachia," Dada akasema, akavuta sahani akaendelea kula.

Alhamisi na Ijumaa tulipiga simu, yeye na mimi, tukifuata daftari ukurasa kwa ukurasa. Alizungumza na wateja kwa maneno yaleyale: Jumamosi saa nne, njoo na gari lako, litaoshwa bure, gharama juu yangu, nataka watu waone. Wengine walikata simu. Wengine walisema watajaribu, na sote tunajua maana yake. Kati ya watu zaidi ya sitini, waliofika Jumamosi walikuwa kumi na mmoja, mwalimu mkuu akiwa wa kwanza. Sikuificha hofu yangu. "Wachache hawa," nikamnong'oneza. Dada akasema, "Gari moja lingetosha."

Jumamosi ndiyo siku ya wengi pale. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Dada alisimama katikati ya sakafu iliyolowa, gauni lake limefungwa fundo gotini, daftari mkononi.

"Povu!" akaita, na sauti yake ilifika mpaka kwa muuza vocha ng'ambo ya pili. "Umesema hujui kama nukta zangu zinang'oka. Leo utajua. Chukua mpira wa presha. Shika mwenyewe, usimpe mtu. Piga maji pale nitakapokuonyesha, karibu kiasi cha shubiri moja."

"Shubiri moja?" Povu akashtuka. "Hapo hata rangi ya kiwandani inaweza kulalamika."

"Ilalamike."

Watu walishuka kwenye magari yao. Fundi Bodi naye alikuwepo; sijui nani alimwambia. Alisimama amekunja mikono kifuani, akitafuna kijiti.

Gari la kwanza, la mwalimu mkuu, nukta mbili kwenye boneti, moja ikiwa ile ya jiwe aliyokuwa ameirudia kwa rangi ya gari. Dada akasoma tarehe kwa sauti, akaonyesha kwa kidole. Mashine ikanguruma. Maji yakapiga mahali pale mpaka ukungu ukatufunika sote. Povu akazima, mwalimu mkuu akapangusa kwa mkono. Nukta zilikuwapo. La pili vilevile, la tatu, la nne. Watu wakaanza kusogea, wengine wakihesabu kwa sauti. Mzee mmoja mwenye kofia ya baraghashia alileta uso wake karibu kabisa na bati, akatikisa kichwa.

La tano lilikuwa teksi nyeupe. Maji yalipopiga kona ya bampa, kitu kidogo kama punje kiliruka. Povu akazima mashine. Kila mtu aliona. Pale palipokuwa na nukta palibaki kishimo cheusi.

Kisha Fundi Bodi akapiga kofi moja. "Haya! Si nilisema?"

Nilimtazama Dada nikidhani ataanza kujitetea, na kusema kweli nilitamani ajitetee. Yeye alifungua daftari, akafuata mistari kwa kidole, akasoma kama anayesoma taarifa ya habari:

"Teksi nyeupe. Bampa, kona ya kushoto. Manyunyu tangu asubuhi, hewa nzito. Mwenyewe ana haraka, anawahi abiria. Nilimwambia aje kesho, akakataa, nikapaka." Akafunga daftari. "Hewa ilikuwa na maji na mimi nilijua. Nilipaswa kumkatalia, sikumkatalia. Hii imeng'oka, na kosa ni langu. Nitairudia hapa hapa, mwenyewe akinisubiri. Povu, lete la sita."

Dereva wa teksi akasema kwa haraka, "Kweli nilimharakisha. Karibu nimtukane." Watu wakacheka, na kile kicheko kilikuwa cha upande wetu. Magari sita yaliyobaki yalipigwa maji, na hakuna nukta iliyotikisika.

Ingeishia hapo ningeridhika. Lakini katika foleni ya kawaida kulikuwa na muuguzi mmoja, bado amevaa sare yake, ametoka zamu. Alikuwa na gari la kijivu. Alisogea mbele akauliza kwa aibu, "Na langu mnaweza kulipiga hivyo? Nimelinunua mwezi uliopita pale yadi. Linang'aa, lakini nasikia harufu ya unyevu ndani."

Dada alilitambua kabla muuguzi hajamaliza kusema. Nilimwona akimtupia jicho Fundi Bodi. Fundi Bodi alikuwa ameacha kutafuna.

"Dada yangu," akamwambia muuguzi, "nikilipiga unaweza usipende utakachokiona."

"Bora nikione leo kuliko nikione barabarani."

Povu alisita, akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta wa kumruhusu. Kisha akainama akaelekeza maji chini ya mlango wa dereva. Hayakuchukua hata muda wa kuhesabu tano. Rangi ilifunguka kama ganda la yai, kipande kizima cha ukubwa wa kiganja kikaruka, na maji mekundu yakatiririka kwenye sakafu hadi kwenye mfereji. Povu akapiga upande wa pili, ikawa vilevile. Juu ya tairi palitoboka kabisa, tukaona ndani.

Muuguzi alishika mdomo. Hakuna aliyecheka wala kupiga kofi.

"Unaweza kunitengenezea?" akamuuliza Dada.

"Hapana," Dada akasema. "Ningekudanganya. Mimi naponya michubuko. Hii inataka mtu wa kukata bati na kuunga jipya, na mtaa huu una fundi mmoja tu anayeijua kazi hiyo sawasawa." Akageuka. "Ni yule pale."

Fundi Bodi akarudi hatua moja nyuma.

"Wewe ndiye uliyefunika," Dada akamwambia, bila kupandisha sauti. "Wewe ndiye utakayefunua. Na hutamtoza huyu mama."

"Mimi nilitumwa kupaka! Kazi ya Tajiri hiyo, amfuate Tajiri!"

"Atamfuata, na wewe utakwenda naye ukaseme ulichokikuta chini ya rangi. Mikono yako ilijua. Mikono haiwezi kusema haikujua."

Alikuwa akimtazama kwa kuinua uso, maana alimfikia kifuani tu. Mwishowe Fundi Bodi akatema kijiti chake.

"Lete gari Jumatatu," akamwambia muuguzi, akaondoka bila kuaga.

Nisitie chumvi: mambo hayakunyooka yote. Tajiri alikana kila kitu, akasema muuguzi amelizamisha gari mtoni. Hakumrudishia chochote. Fundi Bodi hakwenda yadi kusema. Hapo ujasiri ulimwishia. Lakini gari alilitengeneza. Alikata, akaunga, akapaka dawa ya kutu ndani na nje, siku tisa za kazi, na Dada alipita pale kila asubuhi kukagua kama mwalimu wa zamu. Siku ya sita nilikuwa naye. Fundi Bodi alimwonyesha mshono wa bati aliousugua mpaka hauonekani, akasubiri. Dada akapitisha kidole. "Safi," akasema. Yule mtu mzima alitabasamu kama mtoto aliyepewa alama.

Povu naye alishikilia neno lake kwamba kona iwe wazi. Tajiri aliondoa magari yake yote Jumamosi ileile, na Povu akamwambia Dada, karibu akilia, "Umeniponza." Dada hakubishana. Jumapili alibeba sanduku lake na kigoda, akavuka barabara hadi kwa fundi wa pancha, mjane mmoja mkimya ambaye alisogeza matairi yake bila kuulizwa. Pale hapana paa, kuna turubai tu, na vumbi ni jingi, hivyo Dada hupaka asubuhi upepo haujaamka. Povu akiosha gari lenye alama humwonyesha mwenyewe ng'ambo kwa kidevu. Hajawahi kumwomba msamaha, ila anapeleka magari.

Mama hakutaja tena saluni. Siku hizi akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, husema, "Anatazama magari," na ni kweli, maana kazi mpya ilizuka bila kutafutwa. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, humpitia Dada kwanza waende naye akalipapase.

Mwezi uliopita alichukuliwa na baba mmoja na mkewe, nami nikafuatana nao kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Hawakutuambia wanakwenda yadi gani mpaka tulipofika. Tajiri alitoka ofisini mbio, akasimama getini amepanua mikono.

"Nyinyi karibuni. Huyu haingii."

Dada alimgeukia yule baba. "Mwenye gari zuri hazuii mtu kulitazama," akasema, akaanza kurudi tulikotoka. Mke akamfuata palepale. Mume alitupa macho kwenye lile gari alilolitamani, akashusha pumzi, akafuata naye. Tulikuwa tumeshapiga hatua kama ishirini Tajiri alipoita. Aliita mara mbili. Mara ya pili hakusema "Mama Kucha," alisema "Mama" tu.

Tukarudi. Geti likafunguliwa. Dada alivaa miwani, akapiga magoti kwenye kokoto kando ya mlango wa dereva, akaanza na ncha za vidole, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Tajiri alimfuata hatua kwa hatua, akimsimamia mgongoni, kivuli chake kimeangukia bati.

"Sogea kidogo," Dada akamwambia bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Akasogea.